Aliyelala Namba Tano

Fundi maturubai alipakia hema kwenye pikapu saa kumi na mbili asubuhi, akaweka juu yake jiko la mkaa, sufuria mbili na madumu manne ya maji. Mkewe alikaa katikati, na dada wa fundi dirishani. Safari ya kuvuka jangwa ilikuwa ya siku nne, na hakuna aliyetaka kulipia nyumba za wageni za njiani, ambazo kunguni wake walikuwa na afya kuliko wageni.

Walikuwa wakienda kwenye ofisi kuu ya kampuni ya barabara. Mume wa dada alikwenda kuijenga barabara hiyo ya jangwani miaka tisa iliyopita. Kampuni ikaleta karatasi yenye namba yake ya kambini, tano, na neno moja: mtoro. Tangu hapo dada hakuwa mjane wala mke aliyeachwa. Hakulia msiba, hakupewa talaka. Kila mwaka binti yake alileta fomu ya shule, na penye baba, hai au marehemu, dada aliacha wazi. Mwaka huu mwalimu alisema fomu yenye pengo haipokelewi tena.

Hema lilitoka kwenye mnada wa vifaa vya kambi vya kampuni hiyohiyo, kwa bei ya kutupa. Fundi alilitia viraka kumi na vinne. Ndani, kwenye kitambaa, kulikuwa na namba moja hadi sita kwa rangi nyeusi, kila moja juu ya mahali pa kulala mtu mmoja. Fundi mwingine angezifuta. Yeye alifundishwa kwamba alama ya mwenye kitu haiguswi, hata kama mwenyewe hajulikani. Alishona akizikwepa.

Siku ya kwanza walitua kwenye machimbo ya kokoto. Jua lilipogusa mchanga, wanaume wawili waliingia hemani, wakavua viatu mlangoni, wakajilaza chini ya namba moja na namba mbili. Walikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Mke wa fundi alitazama sufuria yake.

"Mtakula?"

"Tulishazoea," namba moja alisema. "Ila kama kuna maji, hapo umenena."

Walimaliza dumu zima. Fundi alinung'unika, lakini alinung'unikia maji.

"Wifi, jisogeze," mke wa fundi alisema. "Umemlalia mtu mkono."

"Aliyejaza hema ni wewe na hayo makalio. Anza wewe, wifi."

Asubuhi wale wawili hawakuonekana, ila hema lilipokunjwa lilikuwa zito. Fundi aliongeza upepo kwenye magurudumu ya nyuma.

Siku ya pili walitua kwenye mizani ya malori, iliyofungwa zamani. Waliingia namba tatu, namba nne na namba sita, na wale wa jana walikuwa tayari mahali pao. Dada aliuliza habari za namba tano.

"Yuko mbele, kwenye kalavati," namba sita alisema. "Mbishi yule. Halafu anakoroma."

"Hilo nalijua," dada alisema.

Siku ya tatu walifika kwenye kalavati mapema, wakasubiri. Namba tano aliingia akiwa ameinama, kwa kuwa alikuwa mrefu. Alikuwa bado na miaka thelathini na moja. Dada alikuwa amempita umri.

"Umenenepa," mume alimwambia.

"Na wewe umekufa."

"Nimekufa, ndiyo."

"Lini?"

"Jumanne moja. Gari la maji lilikuwa limesimama pale, limejaa. Nyapara akasema maji ni ya kumwagia kifusi, maana barabara ikishindiliwa kavu itapasuka. Tukamwagia, tukashindilia. Saa nane nikaanguka. Wenzangu waliambiwa waendelee."

"Uko wapi?"

Alimwonyesha kwa kidole. Palikuwa chini ya mstari mweupe, katikati ya lami. Fundi alitoka kwenda kupatazama. Hapakuwa na ufa hata mmoja. Alirudi akasema ukweli usemwe, kazi ilikuwa safi.

"Wameandika umetoroka," dada alisema.

Namba tano alichungulia nje. Mchanga ulikwenda hadi mwisho wa macho.

"Nimetoroka kwenda wapi?"

"Kawaulize wao. Mimi miaka tisa nasema, hawanisikii. Kesho tunaongozana, ukaseme mwenyewe."

Ofisi ilikuwa na feni moja na benchi la mbao. Wale watano walibaki ndani ya hema lililokunjwa. Walitaka kwanza kuona ya mwenzao yanakwendaje. Karani, mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alileta faili.

"Wewe ndiye namba tano?"

"Ndimi."

"Na unasema umekufa."

"Kwa kiu. Kwenye kalavati."

Karani alisema namba tano hakuwa wa kwanza kuja na dai hilo. Alieleza kwamba kifo huthibitishwa na shahidi, na marehemu hawezi kujishuhudia. Mtu aliyeingia kwa miguu yake alikuwa na sehemu moja tu ya kuandikwa. Alichukua rula, akakata neno mtoro, akaandika: amerejea. Akapiga muhuri, akawapa barua yenye neno hilo.

"Ndugu karani, hebu mguse mkono," dada alisema.

Karani alimgusa. "Wa baridi," alikubali. "Lakini fomu haina sehemu ya baridi."

Fundi alisoma barua mara mbili. "Basi shuleni utaandika hai," alimwambia dada yake. "Watapokea."

Karani aliongeza kwamba, kwa kuwa amerejea, mkataba wake una mwaka mmoja uliobaki, na barabara ya kaskazini imepungukiwa watu. Lori lilikuwa uani. Dada alimfunga mumewe vifungo vya shati, akamwambia safari hii asibishane na mtu. Mume akasema sawa. Alipanda nyuma, wenzake wapya wakajibana kumpa nafasi, nyapara akahesabu vichwa, idadi ikatimia. Lori likaondoka.

Mke wa fundi alifungua mlango wa pikapu.

"Wifi, utalia hapa au nyumbani?"

"Nimlilie nani?" dada alisema. "Yuko kazini."