Noeli Iliyomtangulia Mtoto

Mke wangu Jovithe ni sauti ya pili. Katika kwaya kuna sauti ya kwanza, inayobeba wimbo na kupewa sifa zote, na kuna ya pili, inayopita chini yake na kuufanya wimbo uwe mtamu bila watu kujua utamu umetoka wapi. Ikiimbwa peke yake, sauti ya pili haieleweki kabisa. Jovithe huiimba akiosha vyombo, na kama hujui wimbo wenyewe utadhani analalamika juu ya masufuria.

Sauti yake ya kwanza ilikuwa Fabiola. Walianza kuimba pamoja wakiwa wasichana, hapa hapa Mutakura, mtaa wetu wa Bujumbura, na watu walizoea kuwaita Jovithe-na-Fabiola kana kwamba ni mtu mmoja. Walitunga hata wimbo wao wa Noeli, unaoanza na neno "Fungueni", ambao kanisa zima lilikuwa likiungoja mwaka mzima. Kisha, miaka mitatu iliyopita, kanisa likagawanyika. Wazee waligombania mambo ya wazee, na sisi wengine tukagawanywa kama viti vya kukodi. Fabiola akamfuata mumewe Maxime kwenye kanisa jipya ng'ambo ya barabara, mtaro tu katikati yetu, na Jovithe akabaki huku.

Hawakutukanana. Kila mmoja alingoja mwenzake aje kumsalimia kwanza, na siku zikapita. Kila mmoja akawa kiongozi wa kwaya yake. Na kila mmoja, bila aibu yoyote, akadai kwamba ule wimbo ni wa kwaya yake.

Mimi na Maxime tulikataa kugawanywa. Yeye ni besi kule, mimi ni besi huku, na jioni nikifunga karakana yangu ya kuchomelea mageti tulikutana kwenye kabare moja, baa ndogo kule Nyakabiga, mbali na macho ya wake zetu, tukala mishikaki. Pasta akiuliza, tulikuwa tunakunywa fanta.

Ndiko nilikosikia habari iliyoleta vurugu zote. Maxime alikuwa anamalizia mshikaki wake.

"Mwaka huu siye tutaimba Noeli mapema," akasema. "Siku ya Mungu ya pili ya Majilio."

"Juu ya nini mapema?"

"Fabiola njo anataka." Akaita mishikaki mingine.

Ningekuwa na akili ningenyamaza. Lakini kwenye ndoa mtu anatafuta cha kuzungumza, nami nikamweleza Jovithe alipokuwa anachambua maharage. Alisimama na sinia mkononi.

"Mapema? Makanisa yote ya Bujumbura yanaimba ile siku ya Mungu yenye iko karibu na Noeli, yeye anataka mapema? Mi najua. Anataka batu basikie wimbo yetu kwake kwanza, kisha bakikuja kwetu baseme tumeiga!"

"Labda ana sababu."

"Baba Gaël, we uko upande ya nani?"

Nikasema niko upande wake, jibu ambalo limenilinda kwa miaka mingi. Jioni ile ile akaenda kwa Pasta Bahizire kuomba Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma manne kabla ya Noeli. Pasta wetu anatoka Uvira, mtu mpole, hasemi neno kabla ya kulifikiria. Alimkaribisha Jovithe kiti.

"Mama Gaël, Majilio ni wakati ya kungoja. Nani anaendaka guhemba mama mwenye hajazaa bado?"

Aliligusa jambo ambalo kila mtu hapa analielewa. Mwanamke akijifungua, tunakwenda kumhemba: tunabeba vinywaji, unga wa uji, kitenge, tunaingia kwa vifijo. Lakini kabla hajajifungua hakuna anayethubutu. Mimba haitangazwi wala haishangiliwi. Unaiona, unatazama pembeni, unaomba kimoyomoyo.

"Pasta," Jovithe akajibu, "ule Mutoto alishazaliwaka zamani. Siye njo tunachelewa."

Pasta akacheka, na akicheka huwa ameshindwa. Tukapanga siku ya kwanza ya Majilio. Kufika kesho yake ng'ambo walikuwa wameshajua (nakiri, kabare ina pande mbili, nami nilimwambia Maxime), na kwaya ya Fabiola, ikiwa imekasirika kwa haki, ikasogeza siku yake hadi mwisho wa Novemba. Jovithe akachukua siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Majilio yenyewe yalikuwa hayajaanza. Wauza mapambo pale mjini Rohero walikuwa hawajatoa hata nyota moja, na sisi Mutakura tulikuwa tayari tunamwimbia Mtoto aliyezaliwa.

Siku ile sitaisahau. Waliweka spika zao mlangoni, tukaweka zetu mlangoni, zikatazamana kama majogoo. Wao walipiga ngoma, sisi kinanda. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maparachichi kando ya mtaro alicheza nyimbo za pande zote mbili na kuuza vizuri kuliko siku zote. Mimi niliimba besi kwa nguvu zote na sikujisikia hata kidogo.

Kila kwaya ilikuwa imeweka "Fungueni" mwisho. Wao walianza kidogo kabla yetu, sisi tukakimbia kuwafikia, na katika ubeti wa pili tukawa pamoja. Hakuna aliyepanga. Nilisikia sauti ya kwanza ikitoka kule na ya pili ikitoka huku, zikakutana juu ya barabara kama zilivyokuwa zikikutana zamani. Tulikuwa na Orlane wetu wa kuimba sauti ya kwanza, msichana hodari, lakini Jovithe alikuwa hamsikilizi Orlane. Alikuwa amefumba macho na uso ameugeuzia mlango. Wapita njia walisimama. Hata yule mama wa maparachichi aliacha kucheza.

Katika ubeti wa tatu sauti ya kwanza ikakatika.

Jovithe aliendelea maneno machache peke yake, kisha akanyamaza, mkono ungali juu. Ng'ambo watu walikuwa wanakusanyika. Tukamwona Maxime akitoka amemshika Fabiola kiunoni, wakaingizwa kwenye taksi.

"Nenda," Jovithe akaniambia kwa sauti ndogo. "We nenda uulize."

Niliwafuata hospitali, na huko Maxime akanieleza alichonificha miezi yote. Si mimba yenyewe: tumbo la Fabiola mtaa mzima ulikuwa umeliona, lakini hakuna aliyekuwa analitaja, kwa sababu alikuwa amengoja mtoto kwa miaka mingi na tuliogopa kumtia mkosi. Alichoficha ni kwamba daktari alikuwa amesema atajifungua karibu na Noeli. Fabiola aliogopa Noeli ingemkuta kitandani. Alitaka kuuimba ule wimbo mapema, wakati bado anaweza kusimama, basi. Hakuwa anashindana na mtu. Sasa, baada ya kuzidiwa kanisani, daktari alikuwa amemwamuru alale mpaka siku ya kuzaa, asisimame, asiimbe.

Nilirudi nikamweleza Jovithe yote. Alikaa kwenye benchi la kanisa, bado amevaa joho la kwaya, akalia.

"Miaka tatu namukosa ule mwanamuke," akasema. "Na mi nilizani ni hasira."

"Twende ukamuone."

"Nitamwambia nini? Asimame aje kunifungulia? Ngoja azae. Akizaa nitaenda. Na kama..." Akaziba mdomo kwa kiganja.

Basi Jovithe, ambaye hajawahi kungoja hata maji yachemke, akangoja. Majilio yote nyumbani kwetu haukuimbwa wimbo mmoja wa Noeli. Kila mara alinipa unga wa uji nimpelekee Maxime. "Useme unatoka kwako," aliniagiza. Mimi, mchomelea mageti, nikapeleka unga wa mtama uliochekechwa mara mbili, na Maxime akaupokea bila kucheka. Pasta Bahizire alisema katika kanisa lote ni mtu mmoja tu aliyeshika Majilio sawasawa mwaka ule.

Siku chache kabla ya Noeli simu yangu ililia nikiwa kazini. Maxime alikuwa anapiga kelele, sikuelewa neno, lakini kelele zile zilikuwa za furaha. Mtoto wa kike, mzima, na mama mzima. Niliacha geti la watu limechomelewa upande mmoja, nikakimbilia nyumbani. Jovithe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Kisha akaenda kwa Pasta.

"Tunaimba tena. Siku ya pili ya Noeli."

"Mulishaimba mu Novemba, Mama Gaël."

"Ile haihesabike, Pasta. Mutoto alikuwa hajazaliwa."

Ubaya ni kwamba siku ya pili ya Noeli nusu ya kwaya yetu ilikuwa imepanda milimani kwa wazazi. Jovithe hakusita. Aliruka mtaro, mara ya kwanza katika miaka mitatu, akaingia katika kanisa la ng'ambo na kuwaomba waliobaki waje. Walitazamana kwanza. Kisha wakachukua majoho yao.

Mchana ule tulikwenda kumhemba Fabiola, makanisa mawili katika mstari mmoja, makreti ya vinywaji vichwani, unga, kitenge cha bluu, ngoma yao na besi yangu. Mama yake Maxime alitupokea uani. Mzazi amepumzika, akasema, pazia la dirisha limefungwa. Jovithe akatuomba sote tunyamaze. Akaweka kikapu chini, akasimama mbele ya lile dirisha, akaanza kuimba sauti ya pili. Peke yake.

Ilikuwa kama nilivyosema: haieleweki. Majirani walichungulia juu ya ukuta. "Ule mama iko na shida gani?" mmoja akauliza. Orlane alimwonea huruma, akafungua mdomo kumsaidia kwa sauti ya kwanza, lakini Jovithe akamwinulia kidole: apana. Akamaliza ubeti wote hivyo, akipanda na kushuka mahali ambapo hakukuwa na wimbo. Pazia halikutikisika. Nilitaka kumshika mkono nimrudishe nyumbani. Mke wangu ana kiburi kuliko wanawake wote wa Mutakura, na pale mbele ya watu wote hakikuwapo tena.

Akarudi mwanzo. "Fungueni," akaimba.

Na nyuma ya pazia, nyembamba, ya mtu aliyelala, ikaja sauti ya kwanza.

Mlango ukafunguliwa. Fabiola alikaa kwenye kiti kizingitini, mtoto kifuani, akamtazama Jovithe kuanzia miguuni hadi kilembani.

"Umechelewa," akasema.

"Apana, dada. Ile ingine njo niliwahi sana."

Fabiola akacheka huku machozi yanamtoka. Akasogeza kitambaa tuuone uso wa mtoto, mwekundu, amekunja ngumi.

"Basi imba," akamwambia. "Sasa amezaliwa."