Mgemo wa Kwanza Kule Mobeni

Marcelline alikuwa anamfunga mwanawe Jules mgongoni aliposikia kelele za kwanza kutoka upande wa bahari. Hazikuwa kelele za walevi wa mtaa wa Point. Ni watu wengi walioimba kwa pamoja, na mchana ule wa Aprili 2015, watu walioimba kwa pamoja hawakuwa wanakwenda harusini.

Wiki nzima Durban ilikuwa haikaliki. Maduka ya wageni yalivunjwa, mengine yakachomwa, na saluni alikokuwa anasuka ilikuwa imeteremsha mlango wake wa chuma, haijulikani itafunguliwa lini. Yeye alikuwa Mkongo wa Uvira, mumewe Apollinaire Mrundi wa Rumonge, ng'ambo tu ya ziwa linalotenganisha nchi zao. Lakini kwa vijana waliobeba marungu hiyo haikuwa tofauti. Mgeni ni mgeni.

Apollinaire alikuwa mlinzi wa ghala moja kule Mobeni. Nyuma ya ghala, kando ya uzio, mikindu ilikuwa imejiotea, na meneja alimruhusu aigeme mradi asiiue. Mvua za majira ya joto zilikuwa zimekwisha, asubuhi zimeanza kuingia ubaridi, na huo ndio wakati utomvu unapotiririka vizuri na kukawia kuchacha. Asubuhi ile alirudi kutoka zamu ya usiku na dumu zima, mgemo wa kwanza wa msimu, mweupe kama maji ya mchele. Wakauchuja kwa kitambaa, wakautia kwenye chupa za vioo, wakazipanga kwenye friji. Wanawake wa kanisani walikuwa wanaulizia tembo tamu tangu Pasaka, hasa wenye kunyonyesha, kwa imani kuwa huongeza maziwa.

Apollinaire hakuwahi hata kulala. Bosi alipiga simu: mlinzi wa mchana amegoma kutoka nyumbani kwa woga, arudi yeye.

"Unaenda wapi na hii vita, Papa Jules?" Marcelline alimuuliza.

"Nikikataa leo, kesho kazi haiko." Akavaa koti. Mlangoni akageuka. "Vifuniko uviache vilegee. Tembo inapumua."

Hayo ndiyo maneno aliyomwachia, na hayo ndiyo maneno Marcelline aliyoyasahau. Maana umeme ulikatika, ilikuwa zamu ya mtaa wao kukaa gizani, na friji ikawa kabati tu. Halafu jirani wa chini akapita akisema wageni wanapelekwa kwenye kambi ya mahema, na huko hata maji ya kunywa hakuna. Marcelline akatoa begi kubwa. Akatia karatasi za ukimbizi, nepi za Jules, unga, na chupa zote za tembo, kwa kuwa hicho ndicho kinywaji alichokuwa nacho. Ili zisimwagike njiani, akakaza kila kifuniko kwa nguvu zake zote, vingine akivishika kwa kitambaa. Akalisukuma begi karibu na mlango, penye jua la dirishani, akasubiri simu ya mumewe.

Simu ilipolia, sauti ya Apollinaire ilikuwa ya chini sana.

"Usitoke. Unanisikia? Barabara wamefunga, wanasimamisha taxi, wanauliza watu maneno ya Kizulu. Ukishindwa kujibu, wanakushusha."

"Na wewe uko wapi?"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

Sasa kelele zilikuwa chini ya jengo lenyewe. Marcelline alizisikia zikiingia mlango mkubwa, kisha zikipanda ngazi. Waliokuwa wanapanda walikuwa wanagonga milango kwa vyuma. "Phumani! Tokeni nje!" Ghorofa ya kwanza, kioo kikavunjika. Mwanamke akalia, kisha akanyamaza ghafla, na kunyamaza kwake kulimwogofya Marcelline kuliko kilio. Akajibanza kati ya friji na ukuta, akamgeuza Jules kifuani, akamtia ziwa mdomoni, akimwomba Mungu mtoto asiliachie.

Hatua zikafika kwenye ujia wao. Mlango uliotazamana na wake ulifunguka, akaisikia sauti ya MaNtuli, bibi wa Kizulu ambaye wote humo ndani walimwita Gogo, yaani nyanya.

"Mnatafuta nini kwangu?"

"Gogo, wageni wako wapi?"

"Hapa hamna mgeni. Mama zenu wanajua mko wapi saa hizi?"

"Na mlango huu?"

"Huo hauna mtu. Walikwisha kuhama."

Kisha kitasa cha mlango wa Marcelline kikaanza kugeuka taratibu, kikarudi, kikageuka tena. Mtu akaegemeza bega. Mbao zikalia. Marcelline aliona komeo likitetemeka, akajua halitavumilia mara ya pili. Akamfunika Jules macho kwa kiganja.

Paa!

Chumba kizima kilitikisika. Vipande vikagonga dari. Kitu cha moto au cha baridi, hakujua, kikamrukia usoni. Wamepiga risasi, aliwaza, wametupiga. Ukaja mlio wa pili, kisha wa tatu, na nje mtu akapiga ukelele: "Wana bunduki! Wana bunduki!" Viatu vikaporomoka ngazini kama mawe, watu wakisukumana na kukanyagana, hadi sauti zikapotelea barabarani.

Marcelline alimpapasa Jules kichwa, shingo, tumbo. Mtoto alikuwa amelowa. Pale pembeni mwa friji mwangaza ulikuwa hafifu, hakuweza kujua rangi ya ule umajimaji. Akauramba mkono wake. Ulikuwa mtamu, na mchachu kidogo. Ndipo alipoanza kulia, na Jules naye akalia.

"Mwanangu, ni mimi," MaNtuli alisema nje ya mlango. "Fungua haraka. Nani alipiga?"

"Hakuna aliyepiga, Gogo. Ni chupa. Ni tembo."

Bibi alitazama vioo vilivyotapakaa, begi lililopasuka, povu likitiririka sakafuni. Hakucheka. "Njoo kwangu," alisema. "Waliokimbia wataona haya, na mwenye haya hurudi na wengi."

Hawakurudi. Waliokuja jioni ile walikuwa polisi wawili, kwa sababu habari ya bunduki ilikuwa imezagaa mtaani. Marcelline aliwafungulia chumba. Mmoja alikuwa ameshika bastola yake kiunoni. Alinusa, akainama, akaokota shingo ya chupa iliyobaki na kifuniko chake kimekazwa vilevile.

"Ubusulu," akamwambia mwenzake, akimtajia tembo kwa jina la kwao kaskazini. Kisha akamgeukia Marcelline. "Bunduki yako ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, baba."

"Eish. Leo usilale humu."

Usiku kucha simu ya Apollinaire haikupatikana. Marcelline hakula. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya jengo lilimwinua kitandani, na MaNtuli aliyelala pembeni yake hakumwambia maneno ya bure ya kumtuliza. Alimshika mkono tu.

Apollinaire alitokea kesho yake, jua likiwa limeshapanda, amefuata njia ya reli kwa miguu. Mikono yake ilikuwa imechanika yote. Kundi lilipopita Mobeni alipanda juu ya mkindu, akajificha kwenye makuti katikati ya miba, simu ikamponyoka ikaangukia upande wa pili wa uzio. Marcelline alimpiga kifuani kwa ngumi, mara mbili, kisha akalaza kichwa hapo hapo alipompiga.

Walikaa kwa MaNtuli hadi mji ulipotulia. Majirani wa chini walikwenda kwenye mahema, na baadhi yao walipanda basi la kurudi makwao.

Siku moja jioni, wakila, Apollinaire aliropoka, "Nimepita kule Mobeni. Madumu niliyoyaacha kwenye mikindu yamejaa, utomvu unamwagika chini."

"Waache nyuki wanywe. Mimi sijazi chupa tena," Marcelline alisema.

Apollinaire alivuta sahani, akaendelea kula.