Wali Mwekundu wa Gervas

Gervas alipoambiwa ana sukari hakulia wala hakusali. Aliuliza swali moja tu la maana: na wali je? Mtu wa Kyela huyo, kwenye mchele wa kunukia, mnyang'anye usingizi, mnyang'anye hata koti lake la baridi, lakini wali mwachie. Daktari akamjibu kwamba baada ya miezi mitatu sukari isiposhuka, ataanza kujidunga sindano za insulini. Na dereva anayejidunga, leseni yake ya kubeba abiria iko mashakani. Gervas aliendesha basi la hoteli pale uwanja wa ndege wa Dulles, huko Marekani, na kabla ya basi alikuwa akisugua masufuria kwenye jiko la hoteli hiyohiyo. Mkewe Bupe hakutaka kabisa arudi kwenye masufuria yale.

Jumamosi wakaenda Herndon, kwenye duka la nafaka la Leela, Mhindi wa Kerala. Mama yule akawaonyesha mchele mwekundu wa kwao uitwao matta, na mwingine mweusi wa Manipur.

"Bibi zetu hawakuujua huu mweupe unaong'aa," akasema. "Walikula huu wenye ganda lake, haupandishi sukari kwa pupa. Kila siku, lakini kidogo, na dengu, na mboga nyingi."

Gervas alilisikia neno "kila siku" vizuri sana. "Kidogo" lilipita kama jirani mliyenuniana.

Basi Bupe akaupika ule mwekundu, na kuupika ni shughuli. Unaloweka usiku kucha, unachemsha mpaka unasahau ulianza lini, na ukifunua sufuria ile harufu ya mchele wa nyumbani huipati ng'o. Siku ya kwanza Gervas alibetua mdomo. Siku ya pili akazoea. Wiki haijaisha, keshakuwa bingwa wa lishe.

"Hii ni dawa, mama Anitha. Ongeza."

Na mgonjwa anayeomba dawa utamnyimaje? Tena huko alikolelewa Bupe, mke anayempimia mume chakula anasemwa mtaa mzima. Akapakua kilima. Gervas akakibomoa, akaomba cha pili, maana ugonjwa wenyewe ni mkubwa.

Mwezi wa pili wa ile mitatu akaenda kupimwa. Sukari ilikuwa imepanda. Alirudi na hukumu mkononi: yule Mhindi kawatapeli.

"Ulimwambia daktari unakula kiasi gani?" Bupe akauliza.

"Kiasi gani cha nini? Cha dawa?"

Bupe hakucheka. Aliogopa, na alijikasirikia, maana mkono uliokuwa ukipakua ni wake.

Jumapili, baada ya ibada, Mwaura na mkewe Nyaguthii, marafiki zao Wakenya wa Woodbridge, wakaja kula. Gervas akawahubiria kuhusu mchele mwekundu mpaka chakula kikafika. Bupe akawajazia wageni. Kwenye sahani ya mumewe akaweka kabichi, dengu, na upawa mmoja wa wali, basi. Hotpoti akalirudisha jikoni.

Gervas akaitazama sahani. "Mama Anitha, mbele ya wageni?"

Nyaguthii akaanza kulichunguza pazia. Bupe aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini alibaki amesimama mlangoni.

"Nimechoka kukupakulia ugonjwa," akasema. "Naogopa, baba Anitha. Naogopa sana."

Gervas akala, na kwa wali ule kula hakukuchukua muda. Mwaura, mtu wa huruma, huruma zile za kuzika watu, akamsogezea sahani yake.

"Ndugu yangu, mega hapa. Mimi siwezi kuumaliza wote."

Mkono wa Gervas ulikuwa umeshavuka nusu ya meza. Akamtazama Bupe. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Gervas akaurudisha mkono, akashika glasi ya maji.

"Kula tu, Mwaura," akasema. "Mimi kesho asubuhi nina abiria."