Ngozi ya Disketi

Kwanza mjue kwamba mimi nilikuwa na cheti. Nilikaa miezi mitatu Mwanza kwa shangazi yangu nikijifunza kompyuta, nikarudi Bariadi na karatasi yenye muhuri mwekundu, na kampuni moja ya kununua pamba ikaniajiri siku hiyo hiyo niliyoipeleka. Ilikuwa mwaka 2001. Chama cha ushirika kilikuwa kimelala chali, soko lilikuwa limefunguliwa, na kila mwenye mzani na lori alijiita mnunuzi. Mji mzima, watu waliojua kuzima kompyuta bila kuchomoa waya ukutani hawakuzidi wanne. Mmoja ni mimi, Domitila. Mwingine alikuwa bosi wangu, Mzee Luhaga, naye alijua kuizima kwa sababu alitaka ng'ombe wake walale salama.

Nieleze hao ng'ombe. Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa na mchezo wa shamba. Fundi Marcelo wa Mwanza alikuwa na tabia ya kuuweka mchezo huo kwenye kila kompyuta aliyoigusa kanda yote ya ziwa. Unapewa shamba, unalima ngano, unafuga kuku na nguruwe, unajenga kinu, unapanuka. Mzee Luhaga aliuza kila kitu alichopewa, akaanza na kinu, akanunua ng'ombe. Mchezo ukawa unamwandikia maonyo kwamba shamba lake halina uwiano. Alikuwa anayasoma, anacheka, anaongeza ng'ombe. Kwa miaka mitano alifikisha mia sita na kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa na jina. Jina halikuruhusiwa kuzidi herufi nane. Alikuwa amemaliza majina ya ukoo wake na ya ukoo wa mkewe, akaingia kwenye vituo vya basi vya barabara ya Mwanza: Lamadi, Nyashimo, Magu. Dutwa alikiruka, kwa sababu Dutwa alikaa hasimu wake, Nyanda.

Nilikuwa namcheka, nakiri. Lakini Mzee Luhaga hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kukamuliwa. Alikuwa karani wa ushirika miaka ishirini, na urithi wake wote ulikwenda kwenye karo za watoto watano. Kaka zake kule Bukundi walikuwa na mazizi. Kikao cha ukoo kikikaa, yeye mwenye kalamu mfukoni alipewa nafasi ya kusema mwishoni, watu wakishavaa kofia zao. Aliniambia mwenyewe, wala hakuficha kwamba ilimuuma.

Mwezi wa tano tukaletewa kompyuta mpya. Fundi Marcelo aliiwasha, akaweka mchezo wake, akasema, "Mifugo mtahamisha wenyewe," akapanda basi. Jioni ile ile stebilaiza ikaungua, na kompyuta mpya ikafunikwa kitambaa kusubiri stebilaiza nyingine. Ile ya zamani ilipangiwa kwenda kwenye kituo chetu cha Dutwa, Ijumaa, kwa lori. Mpima pamba wa Dutwa ndiye huyo Nyanda. Yeye na Mzee Luhaga walikuwa wamenuniana tangu enzi za ushirika, kwa ajili ya baiskeli moja ambayo nikiianza hapa hatutamaliza.

Jumatano Mzee Luhaga akavuta kiti karibu na meza yangu.

"Domitila, mayu, mama yangu, utawahamisha?"

"Ni mafaili tu, mzee. Nanakili kwenye disketi, kompyuta mpya ikiwaka naingiza. Dakika tano."

"Wote wanaingia kwenye hicho kitu?"

"Wote, na nafasi inabaki."

Akakichukua, akakipima uzito mkononi. "Basi tengeneza mbili. Moja nakaa nayo. Ya pili nabilisa kwa Jilala, Mwanhuzi."

Kwetu Usukumani mtu mwenye akili hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anabilisa, yaani anawapeleka wengine kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga huku, kule wabaki. Rafiki anakunywa maziwa, na siku ya siku anapewa ndama wa shukrani. Ng'ombe akifa mikononi mwake, analeta ngozi kwa mwenye mali, isije ikasemwa kwamba amemla. Jilala alisoma darasa moja na Mzee Luhaga, na sasa alikuwa bwana mifugo Mwanhuzi, kwenye ofisi yenye jenereta na kompyuta ya mradi. Marcelo alikuwa amepita huko pia.

Nilimwambia Mzee Luhaga kwamba hawa si ng'ombe, ni herufi na namba, na namba hazipatwi na ugonjwa wa ndigana. Akanisikiliza vizuri kabisa, kisha akasema, "Tengeneza mbili."

Nikatengeneza. Akatoa kisu mfukoni, akakwangua kila disketi alama mbili kwenye pembe ya kushoto. Nikamwambia anaharibu mali ya kampuni. Akasema ng'ombe wa ukoo wao hukatwa sikio la kushoto mara mbili, tangu kwa babu yake, na hataki ugomvi na mtu. Halafu akaitazama ile kompyuta ya zamani.

"Na hawa waliobaki humu ni wa nani?"

"Hao ndio hao hao, mzee."

"Kwa hiyo Ijumaa Nyanda analetewa ng'ombe mia sita kwa lori."

Nikahesabu siku: Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Ng'ombe hakai mazizi mawili," alisema. "Kama wamehama, wamehama. Futa."

Mtu yeyote mwenye cheti anajua kwamba hufuti cha zamani kabla hujaona cha kunakili kikifunguka kwenye mashine mpya. Ilikuwa ukurasa wa pili wa daftari langu, na nilikuwa nimepigia mstari. Lakini ilikuwa inakaribia saa saba, njaa inauma, na nilitaka aone jinsi mambo yanavyokwenda haraka mikononi mwa mtu aliyesoma. Nikabonyeza. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao.

Stebilaiza ilichukua wiki tatu. Jumatatu ilipofika, Mzee Luhaga alikuja amevaa koti la harusini, disketi ikiwa kwenye leso ya mkewe. Nikaitumbukiza. Kompyuta mpya ikakoroma kidogo, kisha ikaandika kwamba disketi haijaandaliwa, je, tungependa kuiandaa sasa?

"Inasemaje?"

"Subiri kidogo, mzee."

Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Nikaipuliza tena. Watu wa zamani wakifanya hivyo tunaita ushirikina.

"Mzee, hii disketi ulikuwa unaiweka wapi?"

"Mahali salama kuliko pote nyumbani. Nyuma ya spika ya redio yangu. Pale hakuna anayeigusa."

Nyuma ya spika kuna sumaku, na sumaku hufuta disketi. Hilo nalo lilikuwa ukurasa wa pili, na sikuwahi kumwambia. Nilimweleza polepole, mpaka nikafika kwenye neno "tupu". Mzee Luhaga alitoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Basi mimi ni maskini tena," alisema.

Macho yake yalikuwa na maji. Siku zote nilikuwa nacheka mchezo wa mzee, na sasa nilikuwa nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Majuto ni mjukuu. Nikamwambia, "Mzee, tuna Jilala," na nilipolisema nikasikia jinsi lilivyokuwa neno zuri. Barua iliondoka na kondakta wa basi la Mwanhuzi asubuhi ile ile.

Alhamisi Jilala akaja mwenyewe. Alikuwa mrefu, mwenye kaunda suti ya kijivu na bahasha ya kaki kwapani.

"Mwadila, Luhaga."

"Mwadila, ndugu yangu. Karibu ukae."

Wakaongea mvua. Wakaongea bei ya pamba, na wake zao, na mwalimu wao wa darasa la nne aliyefariki. Mimi nilikuwa nimekalia moto, lakini kwetu mtu akija na habari za ng'ombe humharakishi. Hatimaye Jilala akafungua bahasha, akatoa disketi iliyopasuka vipande viwili, akaiweka mezani.

"Kazi ya Mungu," alisema. "Ilianguka uani, gari la mradi likaikanyaga. Nimekuletea ngozi."

Nilitamani kulia. Mzee Luhaga aliunganisha vile vipande viwili, akavigeuza upande wa pili, akapitisha kidole gumba kwenye pembe. Akavigeuza tena. Nilishawahi kuwaona wazee mnadani wakikagua ngozi, ni vile vile.

"Jilala," alisema, "ng'ombe wangu wamekatwa sikio la kushoto, mara mbili. Huyu ana masikio mazima."

Jilala akaangalia dari, akaangalia viatu vyake, akaniangalia mimi kama vile ninaweza kumsaidia.

"Ngozi si yenyewe," alikubali.

"Wangu wako wapi?"

Jilala akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Ndani yake ilikuwa disketi yetu, na alama zake mbili.

"Ule ukame wa mwaka juzi, Luhaga, nilipoteza thelathini na wanane. Bwana mifugo mzima, nawachoma sindano na wanakufa. Tangu hapo kwangu asubuhi hakuna mlio. Uliponipa hawa nikaanza kufika ofisini kabla ya mlinzi. Nimewachunga vizuri. Hakufa hata mmoja, na wamezaa themanini na wanane. Ndama sijawapa majina, mwenye kutoa majina ni wewe." Akakikunja upya kile kitambaa. "Nilishindwa kuwarudisha. Ndiyo maana nimesema uongo."

Mzee Luhaga akanipa disketi. Safari hii nilisoma sala kabla ya kuitumbukiza. Kompyuta ikakoroma, kioo kikageuka kijani, nao wakatokea, mmoja mmoja, mpaka malisho yakajaa. Mzee alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Mboje yupo," alisema. "Lamadi yupo. Nyashimo ameota pembe." Aliwasoma wote. Hakuna aliyemkatiza, na simu iliita mara mbili bila mtu kuipokea.

Alipomaliza akaegemea kiti. "Hawa themanini na wanane umewazalisha wewe. Ni wako."

"Desturi ni ndama mmoja," alisema Jilala.

"Desturi naijua. Nimesema ni wako."

Hapo ndipo nikaona nafasi ya kurudisha heshima ya cheti changu. Nikawaambia hakuna haja ya kugawana. Nitanakili disketi, Mzee Luhaga awe na wote mia saba, na Jilala awe na wote mia saba, hakuna atakayepungukiwa. Wakanitazama kama mtu aliyetapika kanisani.

"Nikimpa Jilala ng'ombe, na mimi nikabaki naye," aliuliza Mzee Luhaga, "nimempa nini?"

Ukurasa wa pili haukuwa na jibu, wala ukurasa mwingine wowote. Jilala, aliyekuwa mwizi nusu saa iliyopita, alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni juu ya malezi yangu.

Basi ikawa hivi. Mchezo ule haukujua kugawa mifugo. Ulijua kuuza tu, ng'ombe mmoja mmoja, na kwa kila mmoja unaulizwa kama una uhakika. Kwa hiyo ilibidi nitengeneze nakala mbili: kwenye moja niwauze wa Mzee Luhaga, kwenye nyingine niwauze wa Jilala. Nilianza Ijumaa. Wazee wawili walikaa mmoja kulia kwangu na mwingine kushoto, wakilinda asije akatokea ng'ombe wa kukaa mazizi mawili. Wakulima waliokuja kuuliza bei ya pamba waliambiwa wasubiri, kuna mifugo inagawanywa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Wawili walivuta viti.

Jumamosi mchana nilipofika kwa ndama wa mwisho, mtamba mdogo mwekundu, Mzee Luhaga akanishika mkono.

"Huyo muache. Jilala, unaniruhusu?"

"Ng'ombe ni wako tangu mwanzo."

"Huyo ni wa Domitila. Mhamishaji hatoki mikono mitupu."

Mimi ni mtoto wa tatu kati ya wasichana watano. Ng'ombe wa baba walikwenda kwa wajomba na binamu, na hakuna aliyefikiria kuniuliza. Nilitaka kusema kitu cha dharau kama kawaida yangu. Badala yake nikashukuru tu, "Wabeja, baba." Akaandika jina mwenyewe, kwa kidole kimoja. Domitila lina herufi nane, likatosha.

Ili nami niwe na zizi langu ilibidi nimtoe huyo kwenye zile nakala mbili, kisha nitengeneze disketi ya tatu yenye wote mia saba na kuuza ng'ombe mia sita tisini na tisa. Niliwauza wote, Jumatatu, bila kunung'unika, na kila nilipoulizwa kama nina uhakika nilifikiri kwanza ndipo nikajibu. Akabaki yeye peke yake katikati ya malisho, anatafuna.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kutafuta disketi nyingine, nimnakili, kwa usalama. Nikaurudisha. Nikaikwangua disketi yangu alama moja kwenye pembe ya kulia, nikaifunga kwenye leso, nikampa kondakta wa basi la Mwanza aipeleke kwa shangazi. Barua ilikuwa fupi. Nilimwandikia kwamba nimembilisia ng'ombe, maziwa ni yake, ila asimweke karibu na redio.