Kwetu Hatuli Kamongo

Watu wakisikia nimelelewa na masista wananionea huruma. Wakome. Nyumba yetu kule Ilemela, juu kwenye mawe, ilikuwa na vitanda safi, nyimbo kila jioni na ziwa lote mbele ya dirisha.

Mimi niliokotwa Mabatini nikiwa mchanga. Jina la Bernadeta nilipewa na masista, dini nilipewa na masista, hata siku ya kuzaliwa. Sikuona kasoro yoyote mpaka alipokuja Paskazia.

Ulikuwa mwaka wa njaa, ule wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Paskazia alikuwa na miaka sita hivi, na mama yake alifia hospitali bila kusema kwao ni wapi. Siku ya kwanza tukapewa ugali na kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, maana ndiye aliyepatikana. Mtoto akasukuma sahani.

"Kwetu hatuli kamongo."

"Kwenu wapi?" akauliza Sista Josepha.

Hakujua. Kijiji hakukijua, jina la babu hakulijua. Alijua hilo moja tu.

Sista Josepha, Mhaya wa Bukoba, ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba, na hakuwa mtu wa mchezo. "Hapa hakuna kwetu wala kwenu," alisema. "Tunakula sufuria moja, ndiyo ujamaa. Na alichoumba Mungu ni chema. Mambo ya miiko yaache getini."

Paskazia akalala na njaa. Kesho yake kamongo tena, akalala na njaa tena. Nasema kweli, nilimwonea wivu hadi nikamchukia. Kitoto hakina kitu duniani, lakini kina kitu cha kukataa! Mimi nilikuwa nakula chochote.

Siku ya tatu alikuwa hawezi kusimama. Sista Josepha akampakata, kijiko mkononi. "Kula, mwanangu. Utakufa."

"Nikila, mama hatanijua tena."

Sista akaweka kijiko chini. Kisha akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Baba yangu hakugusa nyama ya pongo, mwiko wa ukoo wetu, mpaka anaingia kaburini. Na alikuwa katekista."

Akaenda jikoni kwa masista, akarudi na maharage yao wenyewe.

Tangu hapo, kila alipopata nafasi, aliteremka bandarini kuwauliza abiria wa meli za Ukerewe na Bukoba: nani kwao hawali kamongo? Watu walidhani amechanganyikiwa. Lakini habari zilivuka maji, na siku moja akaja mama mmoja kutoka Ukerewe, anamtafuta mtoto wa marehemu kaka yake. Sista hakumwuliza mengi. Alimkaribisha mezani akamwekea kamongo. Yule mama hata hakukaa vizuri.

"Samahani Sista, kwetu hatuli kamongo."

Paskazia alipanda mapajani kwake kabla hajaitwa. Tulilia wote, na Sista alilia kuliko sisi.

Wakaondoka. Jioni ile tukapewa kamongo, nami nikasukuma sahani.

"Kwetu hatuli kamongo."

Watoto wakaangua kicheko. Sista Josepha alinijua. Ndiye aliyeniogesha vumbi la Mabatini. Alinitazama sana.

"Kwenu wapi, Bernadeta?"

"Hapa."

Akachukua sahani yangu, akaniletea maharage. Hakuna aliyecheka tena.

Sijaonja kamongo tangu siku ile, wala sijawahi kumpika nyumbani kwangu. Sista alishafariki, na ile nyumba ilishavunjwa. Mwaka jana tulikuwa msibani Nyegezi, nikamsikia mjukuu wangu Malimi akirudisha sahani ya watu kwa adabu.

"Samahani bibi, kwetu hatuli kamongo."

"Ahaa. Ninyi ni ukoo gani, baba?" mwenye nyumba akamwuliza.

Mtoto akanigeukia. Nilijibu kwa sauti, kila mtu asikie.

"Ukoo wa Sista Josepha."