Wote Wanaoweza Kusimamisha Kazi

Nafuna alikuwa na shida moja ambayo hangemwambia mtu: mumewe alikuwa anaogopa kompyuta. Okello huyohuyo aliyezoea kutembea juu ya mbao za ghorofa ya tatu akitafuna mahindi ya kuchoma. Mwanamume mzima, miaka kumi na tisa akisimamia mijengo ya Bwana Idarous kutoka Thika hadi Ruiru, na sasa kimashine cha mezani kilikuwa kinamnyima usingizi.

Ilianza baada ya mvua za El Nino. Mitaro ya misingi miwili ilijaa maji ikawa makao ya vyura, wenye nyumba wakapiga kelele, na Bwana Idarous, ambaye si mtu wa kusahau, akaapa kwamba kuanzia mwaka wa 1999 hakuna mjengo utakaoanza kabla ratiba yake haijatoka kwenye kompyuta. Akamwajiri Waceke, msichana aliyemaliza chuo kikuu juzijuzi na bado akiishi Kahawa Wendani, mtaa wa wanafunzi. Waceke akaja na disketi mbili. Ndani mlikuwa na programu ya kupanga kazi, ya bure kabisa. Walioitunga walikuwa wameacha wazi hata maandishi yake ya ndani, ili anayeona kasoro airekebishe na kumpa mwenzake. Nafuna, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi, alishangaa sana. Watu wa wapi hao wanaogawa jasho lao hivihivi?

Siku ya mafunzo ndiyo iliyoharibu mambo. Okello alikaa asubuhi nzima akiingiza kazi za mjengo wa Witeithie kwa kidole kimoja, kazi thelathini na mbili, kisha akainuka kunyoosha mgongo na kuizima mashine vile mtu anavyozima redio. Kila kitu kikapotea. Wasimamizi wenzake wakacheka, mmoja akamuuliza kama amezima na stima ya Thika nzima. Okello alicheka nao. Lakini Nafuna, kwenye taipureta yake pembeni, aliona mikono ya mumewe ikitafuta mifuko ya kujificha, akajua ameumia.

Tangu siku hiyo Okello hakuigusa tena. Nyumbani Ruiru alianza kuzungumzia muhogo, eti shamba lao kule Busia linahitaji mtu. Nafuna alimjua mtu wake. Huyu humwambii njoo nikufundishe mbele ya ofisi nzima; atakushukuru vizuri, na kesho hutamwona. Na Bwana Idarous alikuwa ameshasema: atakayefika Ijumaa ya mwisho ya Januari bila ratiba atarudi kushika mwiko wa uashi chini ya msimamizi mwingine.

Basi Waceke alipolalamika kwamba maelezo ya programu ni kurasa arobaini za Kiingereza kigumu, ambazo hata yeye zinamtoa jasho, Nafuna akajitolea kuandika kitabu kidogo cha Kiswahili. Cha wasimamizi wote, alisema. Uongo mtupu. Kilikuwa cha mtu mmoja.

Aliandika saa za chakula cha mchana, wiki tatu nzima, Waceke akimwonyesha kila kitufe. Kila ukurasa alimsomea Syombua, mama wa kupika chai, ambaye hakuwahi kuigusa kompyuta ila kuipangusa vumbi. Syombua akikunja uso na kuuliza sasa hapo afanye nini, Nafuna alifuta sentensi yote akaanza upya. Neno moja lilimsumbua siku nne, pale programu ilipodai orodha ya rasilimali. Syombua alidhani ni madini. Mwishowe Nafuna akaandika: Hapa andika majina ya wote wanaoweza kusimamisha kazi hii. Alikuwa na maana ya mafundi na dereva, watu ambao wasipofika kazi husimama. Syombua akaitikia kwa kichwa, ukurasa ukapita.

Aliongeza pia maneno yake mwenyewe. Ukurasa wa nne: Usiogope, mashine haijui kucheka. Ukurasa wa tisa: Hifadhi kwanza, ndipo uinuke kitini. Jamani, alipopiga chapa hilo la ukurasa wa tisa, macho yalimlowa.

Vitabu vikatolewa fotokopi, vikabanwa kwa stepla, vikagawiwa. Okello alichukua chake bila kumtazama mkewe, akakisokomeza ndani ya koti. Wiki nzima ikapita. Halafu jioni moja Nafuna alipokuwa akitoa mkebe wa chakula kwenye mfuko wa mumewe, alikikuta kitabu kimekunjwa chini ya kitambaa, kina madoa ya mchuzi na alama za penseli kila mahali. Nyuma ya ukurasa wa mwisho Okello alikuwa amechora vitufe vyote vya kompyuta, herufi kwa herufi, na penseli ilikuwa imefifia pale vidole vilipopita tena na tena. Nafuna akakirudisha kilivyokuwa.

Ijumaa ikafika. Okello aliingia chumba cha kompyuta saa mbili asubuhi akafunga mlango. Saa sita printa ikaanza kukereza. Bwana Idarous aliisoma ratiba akiwa amesimama, wasimamizi wote wakimtazama, Nafuna naye akiinamia taipureta yake.

"Huyu Mvua ni nani?" Bwana Idarous akauliza. "Nimemwandika kazi lini?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nafuna alitamani ardhi ipasuke immeze. Sentensi ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyemponza mumewe.

Safari hii Okello hakucheka nao. Alieleza polepole kwamba kitabu kilitaka wote wanaoweza kusimamisha kazi, na kwa miaka kumi na tisa hajaona anayeisimamisha kumshinda Mvua. Kwa hivyo amemwajiri. Kazi yake ni kunyesha, wiki nane kuanzia mwisho wa Machi, na Mvua akiwa kazini hakuna mtu kuchimba. Mashine yenyewe ndiyo iliyosogeza misingi yote hadi Februari, kabla Mvua hajaripoti kazini.

Bwana Idarous akachukua ratiba za wengine, akazipekua moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa na mitaro wazi katikati ya Aprili. Kicheko kilikufa chenyewe.

"Okello, Witeithie ni yako," akasema.

Kisha akamwekea Nafuna ile karatasi mezani. Aipige chapa upya, Mvua abaki, ila aondoe mtu yeyote asiye wa mjengo.

Nafuna hakuelewa agizo hilo mpaka alipofika mwisho wa orodha. Mvua. Lori la mchanga. Wambua fundi wa mbao. Na jina la nne: Nafuna. Kwenye nafasi ya kazi Okello alikuwa ameandika, kuniondolea woga. Kwenye nafasi ya siku, ambapo programu hudai tarakimu, alikuwa amebonyeza tisa, tisa, tisa, mpaka nafasi ikajaa.

Aliisoma mara tatu. Alikuwa bado anaisoma Waceke alipokuja kumwambia kwamba anataka kukituma kitabu pamoja na disketi kwa wengine wanaotumia programu ile, ila sentensi ya majina irekebishwe kwanza, watu wasije wakaandika kila kitu.

"Hiyo iache, mwanangu," Nafuna akasema. "Nimeipima. Inafanya kazi."

Saa kumi na moja Okello alikuwa akimngoja langoni. Walitembea hatua kadhaa. Halafu akauliza, macho kwenye viatu vyake, kama Bwana Idarous aliuona ule mstari wa mwisho.

"Aliuona. Ameniambia niuondoe, nami nimeuondoa."

"Kwenye karatasi."

"Kwenye karatasi, Baba Becky. Kwani uko kwingine?"

Okello akatoa mkono mfukoni akaushika wa mkewe, palepale barabarani, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane.

"Kwenye mashine bado uko," akasema. "Nilihifadhi kwanza, ndipo nikainuka."