Swali la Vifungo

Fundi alishona nguo za watu miaka thelathini na minne, mpaka ugonjwa wa Pakinsoni, ule wa kutetemeka, ulipomwingia mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Siku hizi anashinda kitini, uso mkavu, hana habari na mtu.

Asubuhi hiyo nesi alikuja na fomu ya kumuuliza maisha yanakwendaje.

"Mzee wangu, mwezi huu umepata shida kufunga vifungo? Kila siku, mara chache, au hujapata kabisa?"

"Sijapata kabisa."

"Hongera, mzee! Basi dawa zimekukubali." Nesi akatia alama ya vema.

Mke wa Fundi alichungulia kutoka jikoni. Ndiye aliyekata vifungo vya mashati yote, akashona zipu, na vifungo akavitia kwenye kopo. Fundi hakudanganya. Angefunga nini, wakati hakuna cha kufunga?

"La mwisho, mzee. Kuna kazi yoyote uliyoipenda ambayo imekushinda?"

Fundi alikuwa akiangalia koti jeupe la nesi. Kifungo cha pili kilining'inia kwa uzi mmoja. Zamani angemwambia, "Livue, mwanangu," na kabla chai haijapoa angekuwa ameshamaliza.

"Hakuna," akasema.

Nesi akakunja fomu yake, akaaga, akaenda zake. Mkewe alipokuja kufagia, aliinama akaokota kitu kidogo karibu na mlango, akarudi nacho jikoni. Fundi alikisikia kikigonga vingine ndani ya kopo.